Tutengeneze Kikuza Sauti Chetu Wenyewe



Siku moja nilitembelea darasa la kisomo lililokuwa likifanyika chini ya mwembe. Watu walikuwa kama sitini hivi. Mwalimu alikuwa ameweka redio ndogo juu ya kiti, na kipindi kilikuwa kinaeleza jinsi ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu. Watu wa mbele waliandika. Watu wa nyuma walisinzia.

Kipindi kilipokwisha niliuliza maswali. Mama mmoja mzee aliyekaa nyuma alinyamaza kimya. Nikamwuliza kama hakuelewa. Alinijibu kuwa kuelewa huja baada ya kusikia, na yeye hakusikia hata neno moja.

Jibu lile lilinichoma. Yule mama ametembea kwa miguu kuja darasani, amekaa saa nzima, kisha amerudi nyumbani mikono mitupu. Mahindi yake yataliwa na wadudu kama ya mtu ambaye hakuja kabisa.

Basi tukajaribu kuongeza sauti ya redio mpaka mwisho. Ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Sauti ilikuwa kubwa kidogo, lakini maneno hayakusikika vizuri. Tukapata hasara mbili badala ya moja.

Leo nataka tuzungumze jinsi ya kutengeneza chombo cha kukuza sauti kwa mikono yetu. Kwa Kiswahili tutakiita kikuza sauti. Mafundi wengi hukiita amplifaya. Siyo kazi ya uchawi. Ni kazi ya kusoma kwa makini, kuhesabu, na kufuata utaratibu.

KIKUZA SAUTI NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani kwamba kikuza sauti hutengeneza nguvu. Hapana. Tufikirie mfereji wa maji shambani. Kwenye mfereji kuna mlango wa ubao. Mtoto mdogo anaweza kuuinua mlango huo kwa mkono mmoja, na maji mengi yakapita kwenda shambani. Je, ni nguvu ya mtoto inayomwagilia shamba? La. Nguvu ni ya maji. Mtoto anatawala tu mlango.

Kikuza sauti ni vivyo hivyo. Maji ni umeme wa betri. Mtoto ni umeme mdogo sana unaotoka kwenye redio au simu. Umeme huo mdogo hupanda na kushuka kufuata sauti ya msemaji. Kila unapopanda, mlango unafunguka zaidi. Kila unaposhuka, mlango unarudi. Kwa hiyo umeme mwingi wa betri unapita kwenda kwenye spika, nao unapanda na kushuka vile vile. Ndani ya spika mna sumaku na koili ya waya. Umeme ukipita kwenye koili, karatasi ya spika inasukumwa mbele na nyuma, na hewa inatikisika. Ndiyo sauti tunayoisikia.

Sasa tunaweza kujua kwa nini redio yetu ilikoroma. Redio ile ilitumia betri mbili ndogo za volti 1.5, yaani jumla volti 3. Mtoto aliinua mlango mpaka juu kabisa, lakini maji yalikuwa yamekwisha. Sauti ilitaka kupanda zaidi, ikagonga dari. Vilele vyake vikakatwa. Sauti iliyokatwa vilele ndiyo inayokoroma.

Sauti safi ni ile inayotoka kubwa bila kubadilika umbo lake. Kwa Kiingereza mafundi huiita hai-fai. Msicheke! Kwa Kiswahili tukisema haifai tuna maana ya kitu kibovu, lakini wao wana maana ya uaminifu mkubwa. Sauti imefika kama ilivyotumwa, haikuongezwa chumvi njiani.

AISII: KIJIJI NDANI YA PUNJE

Zamani kikuza sauti kilihitaji vipande vingi, kila kimoja kikiunganishwa kwa mkono. Mwaka 1958 Mmarekani Jack Kilby alionyesha kwamba vipande kadhaa vinaweza kutengenezwa pamoja ndani ya kipande kimoja kidogo. Mwaka uliofuata Mmarekani mwingine, Robert Noyce, alibuni njia bora ya kufanya hivyo kwa kutumia silikoni. Silikoni hupatikana katika mchanga. Kilby alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2000 kwa kazi hiyo.

Kipande hicho mafundi wetu hukiita aisii. Kwa nje ni kidude cheusi chenye miguu ya chuma. Kwa ndani ni kama kijiji kizima kilichowekwa ndani ya punje ya mtama.

Aisii tutakayotumia inaitwa TDA2003. Iliundwa kwa ajili ya redio za magari, kwa hiyo inapenda betri ya volti 12. Hii inatufaa sana sisi wa vijijini, maana betri ya pikipiki au ya sola inaiendesha. Ina miguu mitano tu. Pia ina mlinzi wa joto ndani yake, habari ambayo nitairudia, maana iliniaibisha mbele ya watu.

VITU VINAVYOTAKIWA

1. Aisii moja, TDA2003.
2. Rezista moja ya omu 220, ya nusu wati. Rezista ni kipande kinachozuia umeme kidogo, na omu ni kipimo cha uzuiaji huo.
3. Rezista moja ya omu 2.2, na moja ya omu 1.
4. Rezista mbili za omu 1,000.
5. Kapasita mbili za maikrofaradi 1,000, volti 25. Kapasita ni kama mtungi mdogo wa kuweka umeme kwa muda mfupi.
6. Kapasita moja ya maikrofaradi 470, volti 16 au zaidi.
7. Kapasita mbili za maikrofaradi 0.1, na moja ya maikrofaradi 1 isiyo na upande wa chanya wala hasi.
8. Volyumu moja ya omu 10,000. Hiki ni kile kipande cha kuzungusha ili kuongeza au kupunguza sauti.
9. Bati nene la alumini, upana kama wa kiganja, pamoja na skrubu na nati yake.
10. Spika ya omu 4. Nyuma ya spika huandikwa namba hiyo.
11. Fyuzi ya ampea 2, swichi, waya, ubao wenye matundu, na plagi ya kuchomeka kwenye tundu la visikizio vya redio au simu.
12. Betri ya volti 12.

Vitu vingi kati ya hivi vinaweza kutolewa kwenye redio za gari mbovu na vyombo vingine vilivyokufa. Mwombeni fundi redio wa mjini awachagulie vilivyo vizima.

KUSOMA RANGI

Ndugu zangu, rezista haiandikwi namba. Imezungushiwa mistari ya rangi, na kila rangi ni namba. Nyeusi ni 0. Kahawia ni 1. Nyekundu ni 2. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu. Mstari wa tatu unasema uongeze sifuri ngapi. Kahawia ni sifuri moja, nyekundu ni sifuri mbili. Dhahabu ikiwa ya tatu, basi gawa kwa kumi.

Tusome pamoja:

Nyekundu, nyekundu, kahawia: 2, 2, na sifuri moja. Ni omu 220.

Nyekundu, nyekundu, dhahabu: 22 gawa kwa 10. Ni omu 2.2.

Kahawia, nyeusi, dhahabu: 10 gawa kwa 10. Ni omu 1.

Kahawia, nyeusi, nyekundu: 10 na sifuri mbili. Ni omu 1,000.

Mstari wa nne unaonyesha usahihi tu. Baadhi ya rezista zina mistari mitano. Hizo zina tarakimu tatu kwanza, kisha ndipo sifuri.

Angalieni rezista ya kwanza na ya pili. Zinafanana kama mapacha! Tofauti ni mstari mmoja tu, lakini moja ni kubwa mara mia kuliko nyingine. Ni kama maneno "pata" na "paka". Herufi moja ikibadilika, habari nzima imebadilika.

KAZI YA KUUNGA

Shika aisii maandishi yakutazame, miguu ikiwa chini. Hesabu kutoka kushoto: 1, 2, 3, 4, 5. Miguu imepindwa, mingine mbele na mingine nyuma, lakini wewe hesabu tu kutoka kushoto kwenda kulia. Kila kiungo kilehemu vizuri kwa risasi. Kiungo kizuri hung'aa. Kilichofifia na kuwa kama uji ulioganda, kirudie.

Hatua ya kwanza. Funga mgongo wa aisii kwenye bati la alumini kwa skrubu, ushikamane sawasawa. Mgongo huo umeungana na mguu wa 3, yaani upande wa hasi. Kwa hiyo bati lisiguse kamwe waya wa chanya.

Hatua ya pili. Mguu wa 3 uende kwenye hasi ya betri. Tumia waya mweusi.

Hatua ya tatu. Mguu wa 5 uende kwenye chanya ya betri kwa waya mwekundu. Njiani weka swichi na fyuzi. Fyuzi iwe karibu na betri. Kati ya mguu wa 5 na wa 3 unga kapasita moja ya 0.1, karibu kabisa na miguu. Pembeni yake unga kapasita ya 1,000, chanya yake ikiwa mguu wa 5.

Hatua ya nne. Kwenye mguu wa 4 unga kapasita ya pili ya 1,000. Chanya yake iwe mguu wa 4. Hasi yake iende kwenye spika. Waya wa pili wa spika uende kwenye hasi ya betri.

Hatua ya tano. Kutoka mguu wa 4 tena, unga rezista ya omu 1. Mwisho wa rezista hiyo unga kapasita ya 0.1, na mwisho wa kapasita uende hasi. Hivi viwili vinaituliza aisii isije ikapiga kelele yake yenyewe.

Hatua ya sita. Kutoka mguu wa 4 unga rezista ya omu 220. Mwisho wake tuuite kituo. Kutoka kituo unga rezista ya omu 2.2 kwenda hasi. Kisha kutoka kituo unga kapasita ya 470 kwenda mguu wa 2. Chanya ya kapasita iwe mguu wa 2.

Hatua ya saba. Volyumu ina miguu mitatu. Mguu mmoja wa pembeni uende hasi. Mguu wa pembeni wa pili ndio unaopokea sauti. Mguu wa kati uende kwenye kapasita ya maikrofaradi 1, na kapasita hiyo iende kwenye mguu wa 1 wa aisii.

Hatua ya nane. Plagi ya visikizio ina sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Usiziunge moja kwa moja. Kila moja ipite kwenye rezista yake ya omu 1,000, kisha zikutane kwenye mguu wa volyumu unaopokea sauti. Waya wa tatu wa plagi uende hasi.

Waya zote za hasi zikutane mahali pamoja karibu na mguu wa 3. Zikitangatanga, spika itanguruma.

Kapasita kubwa zina mstari ubavuni wenye alama ya kutoa. Huo ndio upande wa hasi. Ukizigeuza zinaweza kupasuka. Angalia mara mbili kabla ya kuwasha.

HESABU ILIYO NDANI YAKE

Tumeunga rezista ya 220 na ya 2.2 kwa sababu gani? Hapa ndipo ilipo siri ya sauti safi.

Rezista hizi mbili huchukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka na kuirudisha kwenye mguu wa 2. Aisii inalinganisha sauti iliyoingia mguu wa 1 na hiyo iliyorudi. Ikiona tofauti, inajisahihisha papo hapo. Ni kama seremala anayepima ubao kwa kamba kila anapokata. Hakisii kwa macho. Njia hii ya kujisahihisha ilibuniwa mwaka 1927 na Mmarekani Harold Black, aliyekuwa akitafuta namna ya kusafisha sauti za simu.

Sauti inakuzwa mara ngapi? Gawa 220 kwa 2.2. Jibu ni 100. Ongeza 1. Jibu ni 101. Basi umeme mdogo unakuzwa mara 101.

Sasa fikiria mtu aliyezibadilisha zile mapacha. Atagawa 2.2 kwa 220. Jibu ni 0.01. Akiongeza 1 anapata 1.01. Sauti haikui kabisa, na aisii inaweza kupata joto bure. Atasema aisii ni mbovu, kumbe hakusoma mstari wa tatu.

KABLA YA KUWASHA

Usianze na spika. Kama una mita ya kupimia umeme, washa bila spika na bila redio. Pima kati ya mguu wa 4 na hasi. Utapata karibu nusu ya betri, yaani volti 6 hivi. Ukipata 0 au 12, zima mara moja utafute kosa.

Ikiwa sawa, zima, unga spika na redio, punguza volyumu mpaka mwisho, ndipo uwashe. Kisha ongeza polepole.

KOSA LANGU

Mimi nilipotengeneza cha kwanza nilikuwa na haraka. Sikufunga bati la alumini. Niliona aisii inafanya kazi nyumbani kwa dakika tano, nikaridhika. Nikaenda nacho darasani. Watu walifurahi sana. Baada ya dakika chache sauti ikaanza kufifia, ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Watu wakanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe ndiye yule mlinzi wa joto. Aisii ikizidi kupata moto inajizuia isiungue. Bati la alumini ndilo linalochukua joto na kulitoa hewani, kama mtu anayepepewa. Nililifunga usiku ule ule. Haraka haraka haina baraka, na mimi ni shahidi.

MSIDANGANYWE NA WATI

Madukani mtaona maboksi yameandikwa wati 1,000. Ulizeni umeme wa wati hizo unatoka wapi. Kikuza sauti hakiwezi kutoa nguvu kuliko kinayopewa. Chetu kikitumia betri ya volti 12 na spika ya omu 4 hutoa karibu wati 4. Ni chache? Kwa darasa lililo kimya zinatosha, kama spika ni nzuri, imewekwa ndani ya sanduku la mbao, na imeinuliwa juu ya vichwa vya watu. Tena ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, wati hazina budi kuongezwa karibu mara kumi. Kwa hiyo kuinua spika juu ya meza ni rahisi kuliko kununua wati.

Na betri je? Tuseme kikuza sauti kinakula nusu ampea kwa saa za kazi. Betri ya ampea-saa 7 isitumiwe zaidi ya nusu yake, ili idumu. Nusu ya 7 ni 3.5. Gawa 3.5 kwa 0.5. Jibu ni saa 7. Hiyo inatosha vipindi vya wiki nzima vya kisomo, kama kila siku tunasikiliza saa moja.

TAHADHARI

Kwanza, msijaribu kutumia umeme wa nyumbani wa volti 230 badala ya betri. Umeme huo unaua. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea.

Pili, msiache fyuzi. Chanya na hasi za betri zikigusana, waya huwa mwekundu kwa moto, na betri inaweza kulipuka.

Tatu, chanya na hasi zisigeuzwe. Mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi. Andikeni kwenye sanduku kwa herufi kubwa ili kila mtu asome.

MWISHO

Wazee watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili hapa Tanzania walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Kazi ilianza kwa kusikia.

Nilirudi kwenye lile darasa na kikuza sauti chenye bati lake. Tuliiweka spika juu ya meza. Kipindi kilikuwa cha mbolea ya samadi. Yule mama alikaa nyuma pale pale. Kipindi kilipokwisha nilimwuliza swali lake la kwanza. Akajibu. Kisha akambishia bwana mmoja wa mbele juu ya muda wa kuoza samadi, wakabishana mpaka jua likazama. Sikuwakatiza.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika mfano wa mfereji, maji ni kitu gani katika kikuza sauti? Mtoto ni kitu gani?
2. Kwa nini redio ndogo inakoroma ikiongezwa sauti mpaka mwisho?
3. Rezista ina rangi nyekundu, nyekundu, nyekundu. Ni omu ngapi?
4. Ukitumia rezista za omu 220 na omu 1, sauti itakuzwa mara ngapi?
5. Katika mikutano ya kijiji chenu, ni nani wasiosikia? Mtafanya nini ili wasikie?